Kiti cha Kukunja

Mkuu wa idara kanipa siku tatu:
"Hegstad anastaafu Ijumaa. Tuandikie athari yake,
ukurasa mmoja, na uwe na tarakimu."
Mimi ni mtu wa maktaba. Nimewasha taa ya meza
saa nane na nusu mchana, maana hapa Trondheim, Desemba,
jua huchungulia tu, kama mgeni aliyekosea mlango.

Makala mia moja na arobaini na mbili.
Zimenukuliwa mara elfu tisa na ushee.
Inayoongoza ni ile ya mwaka tisini na nne,
jedwali la kuwapima wanafunzi wa udaktari:
salamu, macho, kunawa mikono, alama moja hadi tano.
Chanda hiki kimevikwa pete zote za sanduku.
Kimenukuliwa Osaka, kimenukuliwa Bogotá,
na wengi, naona, wamenukuu bila kusoma,
maana wanarudia kosa lile lile la ukurasa,
sitini na moja badala ya kumi na sita,
kizazi hadi kizazi, kama jina la ukoo.

"Ile?" Torbjørg Hegstad akavua miwani.
"Ile niliiandika mtoto ana surua
na mkataba wangu unakwisha.
Tafuta namba themanini na saba."

Themanini na saba. Kurasa nne,
katika jarida lililokufa mwaka uliofuata.
Miezi kumi na minne alijibanza pembeni mwa wodi
na saa ya mkononi, akiandika
nani kaketi, nani kasimama,
mwanafunzi anapompa mgonjwa habari nzito.
Wagonjwa wa waliosimama walikumbuka nusu ya maneno.
Na wa walioketi? Hapa sentensi yake inatetereka
(sijawahi kurudia sentensi ya kitaalamu kwa hiari yangu,
hii nimeirudia):
"Walioketi walidhaniwa kukaa muda mrefu zaidi,
ingawa saa ilikataa."
Mpitiaji wa pili aliandika: Sampuli ndogo. Jipya liko wapi?
Imenukuliwa mara sifuri.
Hata yeye mwenyewe hakujinukuu.

Oktoba alilazwa. Nyonga.
Siku ya nne akaingia kijana, Jostein, mwaka wa tano,
macho mekundu ya zamu.
Akavuta kiti cha kukunja, kikalia kama bata,
akaketi, magoti yakigusa kitanda,
ndipo akaanza kueleza kivuli kilichoonekana kwenye picha.
Hegstad hakusikia kivuli. Alisikia kiti.
"Nani kakufundisha kuketi?"
Kijana akababaika, akainuka nusu,
akidhani amevunja sheria.
"Samahani, Profesa. Miguu inaniuma.
Nimesimama tangu jana."

Alicheka hadi mshono ukamkanya.
Alinisimulia hayo akinipigia meza kwa kalamu:
"Hilo liandike. Athari: miguu."

Nimeandika elfu tisa na ushee.
Nimeandika Osaka na Bogotá.
Chini kabisa, kwa herufi za mchwa,
nikaweka tanbihi: namba themanini na saba,
kurasa nne, ukurasa wa pili ndio wenyewe.
Mkuu akaisoma, akaipigia mstari.
"Inavuka ukurasa. Ifute."
Nimeifuta.

Ijumaa watu sitini, glasi mkononi, wote wima,
hotuba ikimwaga tarakimu zangu juu ya keki.
Theluji ilikuwa imeziba madirisha hadi kiunoni.
Kuhusu ile picha hakuna aliyeuliza;
labda hawakujua, labda walijua
na hawakupata pa kuanzia.
Katikati ya makofi yeye akaegemeza mkongojo ukutani,
akavuta kiti.

Nikavuta changu. Nikamuuliza habari za kile kivuli.
Akanieleza.
Sikutazama saa.